Nta Chini ya Rangi

Boti ilifika Tabora juu ya lori la dagaa, imelazwa kifudifudi juu ya magunia kutoka Kigoma. Ilikuwa ya faiba, ya mtumba, urefu wa futi 16, na weupe wake wa kiwandani ulikuwa umeanza kugeuka unga: ukipitisha kiganja ubavuni, kinatoka kimepauka. Mwenyewe alikuwa na mpango nayo. Angevua samaki kwa kibali katika Bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji, na siku za sikukuu angewapandisha abiria wachache wakaone maji. Chombo kilikuwa kizima, kilichobaki ni rangi tu. Ndivyo alivyoamini.

Mwenye boti huyu ni mtu wa kisa. Hakuna mtu halisi ninayemficha nyuma yake, ila kila kosa alilolifanya hufanyika kila mahali ambako watu hupaka boti za faiba kwa mikono yao wenyewe, kuanzia Kigoma na Mwanza hadi Mafia. Nimemweka Tabora kwa sababu kosa lake kubwa lina harufu ya Tabora.

Alizaliwa katika ukoo wa warina asali. Baba yake alikuwa na mizinga katika miombo ya upande wa Sikonge, na nyumbani kwao nta haikukosekana. Mpini wa shoka ulipakwa nta, mlango uliokwama ulipakwa nta, ngozi ya kiti ilipakwa nta. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza aliisugua boti yake kwa nta iliyoyeyushwa katika mafuta ya taa. Iling'aa. Unga ulipotea, maji yakawa yanateleza ubavuni kwa matone ya mviringo, naye akaona ameipa kinga. Msimu mzima uliofuata aliendelea hivyo. Jua la Tabora, mji ulio mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, halisamehe kitu, na kila mng'ao ulipofifia aliongeza nta.

Hapa niache kidogo boti yake nizungumzie vyombo vingine vilivyowahi kubebwa kuelekea maziwa haya, maana vinaeleza jambo analopaswa kulijua kila mwenye chombo.

Katikati ya mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Pwani kufuata njia ya misafara kuelekea Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Boti yao ya chuma ya vipande, Louisa, waliiacha nyuma kwa kukosa wapagazi wa kutosha. Walipofika Ujiji Februari 1858 wakawa watu wa kuomba mitumbwi, na Speke akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kutafuta jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim akarudi mikono mitupu. Miaka 16 baadaye mpelelezi mwingine, Henry Stanley, alikuja na Lady Alice, boti ya mbao ya futi 40 iliyoundwa Uingereza kwa vipande. Vipande vilipofika Zanzibar vilionekana vizito mno na vipana mno kwa njia nyembamba za wapagazi, ikabidi vikatwe upya kabla ya safari kuanza Bagamoyo Novemba 1874. Boti hiyo ilizunguka Ziwa Viktoria, ikapita nchi ya Mtemi Mirambo, na mwaka 1876 ikafika Ujiji. Iliwezekana kwa sababu kazi ngumu ilimalizwa mapema, ufukweni, kabla mpagazi hajatia kipande begani.

Chombo ninachokitaka zaidi ni kile cha tatu. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer Werft cha Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli Graf von Götzen, kikaifungua vipandevipande na kuifunga katika makasha 5,000 hivi. Makasha yalishushwa Dar es Salaam, yakapandishwa reli ya kati, yakapita Tabora, ambako reli ilifika 1912, yakaenda hadi Kigoma, ambako ilifika 1914. Meli ikaunganishwa na kushushwa ziwani Februari 1915. Mwaka mmoja na nusu haukutimia, Wajerumani wakaona Kigoma inawaponyoka katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isitekwe, kisha wakarudi nyuma kwa reli kuelekea Tabora, ambayo nayo ilichukuliwa na jeshi la Wabelgiji Septemba mwaka huohuo.

Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wa kiwanda waliokuja na meli hiyo, wakiongozwa na Anton Rüter, waliipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiibua Machi 1924 na kukuta injini na maboila bado vinafaa kutumika. Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na vizazi vya wasafiri wa Tanganyika vikaijua kwa jina hilo. Kilichoiokoa mitambo ile ni safu ya mafuta ambayo maji hayakuweza kuipenya na kutu haikupata pa kushikia.

Kila nikiifikiria habari hiyo nalirudia neno hilo la kushikia. Grisi na nta zina kazi moja, nayo ni kuzuia kitu kingine kisishike. Kwenye injini inayozama, hilo ni wokovu. Kwenye ubavu unaotaka kupakwa rangi, hilo ni balaa. Mwana wa mrina asali hakuwa mjinga wala mvivu. Aliijua nta kuliko wengi wetu. Alichokosa kujua ni kwamba boti ya faiba na mpini wa shoka ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ilipofika Julai aliamua kupaka. Wakati aliuchagua vizuri, maana kati ya Juni na Septemba Tabora kwa kawaida haina mvua. Mahali alipachagua vibaya. Aliivuta boti chini ya mwembe mkubwa nyuma ya nyumba, mojawapo ya miembe inayoujaza mji ule wa misafara, akafurahia kivuli. Julai mwembe huwa unachanua. Maua yake madogo humwagika kutwa, wadudu huyafuata, na matawi hudondosha utomvu.

Akaanza na msasa. Alisugua boti yote, omo hadi tezi, kwa mashine ya kukodi, akaona vumbi jeupe linaruka akaamini anaondoa uchafu. Kosa lililoharibu kila kilichofuata lilifanyika hapo. Msasa wa mashine hutia joto, na nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 tu. Kila duara la mashine liliilainisha nta, likaisambaza, likaisukuma ndani ya mikwaruzo mipya iliyokuwa ikichimbwa. Kabla ya msasa nta ilikuwa juu, ingefutika. Baada ya msasa iliingia ndani ya michirizi midogo isiyoonekana kwa macho, yaani kwenye mikwaruzo ileile ambayo rangi ingeitegemea.

Kisha akapangusa kwa petroli. Hakununua petroli safi. Alichota iliyobaki katika tangi la mashine ya boti, na mashine zile za mipigo miwili hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Akapangusa boti nzima kwa kipande kimoja cha kanga kuukuu. Petroli ikaruka hewani, oili ikabaki.

Matundu mawili ubavuni na ufa mmoja karibu na mkuku akavijaza puti ya magari. Rangi aliyonunua ilikuwa ya mafuta, ile ya kupaka milango na madirisha, buluu ya kupendeza sana. Alipaka saa sita mchana upande wa juani, akamalizia jioni upande wa kivulini, na kabla hajalala akapaka mkono wa pili juu ya wa kwanza ambao ulikuwa umeota ngozi juu na kubaki mbichi chini. Siku ya pili yake boti iliingia majini Igombe. Watu waliisifu, na kwa haki. Ilipendeza.

Wiki ya tatu rangi ilianza kuachia kwenye mstari wa maji. Haikupukutika kwa chembechembe. Ilivuka kwa ngozi nzima pana kama jani la mgomba. Upande wa ndani wa kila ngozi ulikuwa laini na wenye utelezi, haukuchukua hata alama moja ya msasa. Ile puti ya magari, ambayo ina unga wa mawe unaonyonya maji, ilikuwa imevimba na kuachia kingo. Vipande vya buluu vilielea kwenye bwawa ambalo, pamoja na Kazima, liliwanywesha watu wa Tabora kwa miongo mingi kabla bomba la Ziwa Viktoria halijafika. Hili ndilo linaloniuma kuliko fedha zake. Rangi ikishindwa kwenye ukuta wa nyumba, hasara ni ya mwenye nyumba. Ikishindwa bwawani, kila mwenye ndoo ni mhanga.

Akamwendea seremala mmoja mzee, mtu wa Bagamoyo aliyeoa Tabora na kubaki huko, ambaye ujana wake ulikwisha katika kutengeneza majahazi. Na huyo pia ni wa kisa. Lakini utani wa Wanyamwezi na watu wa Pwani ni wa kweli, ulizaliwa kwenye njia hiyohiyo ya misafara wapagazi walipokuwa wakishuka Bagamoyo na mizigo ya pembe, na una faida moja kubwa: mtani anaruhusiwa kukwambia ukweli ambao ndugu yako angeumeza.

“Shikamoo, mtani.”

“Marahaba, Mnyamwezi. Umeleta nini hapa, boti au nyoka anayejivua gamba?”

“Rangi ilikuwa mbovu, mzee wangu. Wameniuzia rangi mbovu.”

Mzee hakujibu. Aliokota ngozi moja ya rangi, akaigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, akakinusa. “Rangi imeshikana yenyewe kwa yenyewe vizuri sana,” akasema. “Haina tatizo. Tatizo ni kwamba hukuipaka kwenye boti. Umeipaka kwenye mzinga.”

Kisha akamweleza jambo ambalo naliona ndilo kiini cha habari hii. Jahazi ni mbao, na mbao hunywa. Ndiyo maana watu wa Pwani hupaka sifa, mafuta ya ini la papa, juu ya mbao zao, na chini ya maji hupaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mbao inayafyonza mafuta, inashiba, haipasuki juani. Ukiitunza mbao kwa mafuta umeitendea haki. Faiba hainywi. Ni mkeka wa nyuzi za kioo uliolowekwa kwenye resini ikakauka ngumu, na juu yake kuna jelikoti, ngozi ya rangi ya kiwandani yenye unene wa nusu milimita hivi. Hakuna vinyweleo vya kuingiza mafuta wala mizizi ya kuishikilia rangi. Rangi itashika kwenye faiba kwa njia mbili tu: kwa usafi kamili wa uso wake na kwa mikwaruzo ya msasa. Ukikosa kimoja, umekosa vyote.

“Mimi niliitunza kama baba alivyotunza mpini,” mwenye boti akasema.

“Najua. Na mpini wa baba yako uko hai mpaka leo. Tatizo lako ni kwamba ulitumia elimu ya kweli mahali isipohusika.”

Kazi ya pili ilianza kwa kubomoa ya kwanza. Mzee alikataa dawa za kutafuna rangi, kwa sababu nyingi hazitofautishi kati ya rangi na jelikoti, akampa mwenye boti kikwangulio butu. Rangi ilitoka kirahisi sana. Boti haikurudishwa chini ya mwembe, iliwekwa chini ya banda la mabati lililo wazi pande mbili, na ardhi yote ikatandikwa turubai ili vumbi na makapi yakusanywe yasichukuliwe na upepo wala mvua kuelekea bwawani.

Hatua iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya kuondoa nta, na msasa haukuguswa hata kidogo. Kwanza nta nene iliyojificha kwenye pembe na chini ya ukingo ilikwanguliwa kwa kipande cha mti. Kisha boti ikaoshwa kwa sabuni na maji mengi, ikasuuzwa mara kadhaa. Baada ya kukauka ndipo wakaingia na tapentaini, kwa vitambaa viwili, kimoja kila mkono. Kitambaa cha kwanza kilicholowa huyeyusha nta. Cha pili kikavu huifuata palepale na kuibeba kabla tapentaini haijaruka. Ukichelewa, tapentaini inaondoka na nta inabaki ilipokuwa, imehamishwa tu. Kila baada ya eneo la ukubwa wa meza ndogo vitambaa vyote viwili hutupwa. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu kitambaa huonekana bado kisafi na mkono unaona uchungu kukitupa. Vitambaa vya pamba vya zamani, vilivyofuliwa na visivyo na rangi inayotoka, ndivyo vinavyofaa, na viwe rundo kubwa. Mwisho wakapitisha tina iliyoandikwa kwenye kopo la praima waliyokusudia kuitumia, si tina yoyote ya dukani.

Jaribio la kujua kama nta imekwisha halihitaji kifaa. Mwaga maji safi ubavuni uyatazame. Yakitanda kama utando mmoja na kubaki hivyo, uso ni safi. Yakijikusanya matone, nta ipo. Mwenye boti alikuwa ameyafurahia matone yale msimu mzima, akiyaona ni ushahidi wa kinga. Sasa aliyasoma kwa maana nyingine. Mzee akamtahadharisha pia kuhusu sabuni: ikibaki hata kidogo, maji yatatanda hata mahali penye nta, na jaribio litakudanganya. Ndiyo maana ya kusuuza mara kadhaa. Upande wa kushoto ulikubali haraka. Kulia, upande uliotazama jua la magharibi na kupakwa nta zaidi, uliwarudisha kwenye vitambaa tena na tena, na mzee hakumruhusu kuruka hata shubiri moja.

Baada ya hapo ndipo msasa ukaja, namba 80 kwenye majeraha, 120 kwingine kote, kwa mkono mwepesi, maana nusu milimita haina akiba. Ukiona nyuzi, umekwisha kuivuka jelikoti. Vumbi la faiba ni vumbi la kioo. Linawasha ngozi na kuumiza macho na mapafu, kwa hiyo miwani, barakoa ya vumbi inayobana usoni na mikono mirefu si mapambo ya mafundi wa mjini.

Chini ya mstari wa maji walikuta malengelenge madogo. Watu wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo adui wa faiba. Kwa malengelenge, maji baridi ya ziwa au bwawa ni mabaya zaidi, na yakiwa ya uvuguvugu ni mabaya mno, kwa sababu hupenya jelikoti kwa nguvu zaidi yakifuata kemikali zilizobaki ndani ya resini, yakakusanyika na kuinua ngozi. Kila lengelenge lilifunguliwa, likaoshwa kwa maji safi siku baada ya siku, kisha boti ikaachwa ikauke. Ili kujua kama imekauka walibandika kipande cha nailoni ubavuni kwa utepe pande zote nne na kukiacha usiku na mchana. Mvuke ukionekana ndani ya nailoni, subiri. Walisubiri. Kiangazi cha Tabora kina siku za kutosha kwa mtu mwenye subira, na hakuna kiasi cha ustadi wa brashi kinachofidia boti iliyofungiwa maji ndani ya rangi.

Matundu yalijazwa puti ya epoksi ya vikopo viwili, kimoja cha resini na kingine cha hadina inayoigandisha. Puti ya magari haina kazi chini ya maji, basi. Epoksi nayo ina tabia yake: ikikauka huacha utando wa nta nta juu, ambao si nta, nao lazima uoshwe kwa maji na kitambaa kabla ya msasa, vinginevyo unarudia kosa lilelile kwa njia nyingine. Vipimo vya kopo hufuatwa kama vilivyoandikwa, kwa ujazo ikiwa vimeandikwa kwa ujazo, kwa uzani ikiwa kwa uzani. Kuongeza hadina ili ikauke upesi, kama wengi wafanyavyo kwa mazoea ya resini, huiharibu epoksi isikomae kamwe. Na masalio yasiachwe mengi ndani ya kopo. Hupata joto kali, hutoa moshi, huweza kuunguza. Yatandazwe mahali yagande, ndipo yatupwe.

Chini ya mstari wa maji walipaka praima ya epoksi mikono kadhaa, mmoja juu ya mwingine ndani ya saa zilizoandikwa kwenye kopo, hadi ikafikia unene wa karibu robo ya milimita. Huo ndio ukuta dhidi ya malengelenge mapya. Juu ya mstari, praima ileile kwa mikono miwili, msasa wa 220, kisha rangi yenyewe. Duka moja lilimpa mwenye boti rangi ya chini inayotumika baharini kuzuia chaza na magugu, ile yenye sumu ya shaba. Mzee akamrudisha nayo. Igombe hakuna chaza wa kung'ang'ania boti, na hakuna sababu yoyote duniani ya kutia shaba kwenye maji ya kunywa. Boti itavutwa nje kila jioni na kupanguswa. Hata rangi nyingi za juu za vikopo viwili hazikutengenezwa kulala majini usiku na mchana, kwa hiyo kuivuta nje ni sehemu ya matunzo, si kwa kuogopa wizi peke yake.

Kuhusu upakaji wenyewe sina mengi, na hilo lisimshangaze msomaji. Kazi ilikuwa imekwisha kabla brashi haijalowa. Walianza saa tatu asubuhi, umande wa karibu na bwawa ulipokwisha kukauka na bati la banda kupoteza ubaridi, wakaacha kabla ya saa tisa alasiri ili rangi isikutwe na ubaridi wa jioni ikiwa mbichi. Walimwaga maji ardhini kuzunguka banda kutuliza vumbi. Mmoja alipaka kwa rola ya sifongo, mwingine akafuata nyuma yake kwa ncha ya brashi pana, mikono mepesi, kutoka pakavu kuelekea palipolowa. Mkono wa kwanza ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nyeupe ilionekana chini yake, na mwenye boti alipotaka kuongeza mzee alimshika mkono. Rangi nene hutiririka, huota ngozi, hufunga kimiminika ndani.

Kijana mmoja mpuliza rangi za magari alikuja kuwaonea huruma akajitolea kuipuliza kwa kompresa, kazi ya saa moja. Alikuwa na kitambaa tu puani. Mzee alimkatalia kwa ukali ambao mwenye boti hakuwa ameuona hata kwenye utani. Hadina ya rangi nyingi za vikopo viwili ina kemikali iitwayo isosianati, na ukungu wake ukivutwa unaweza kumpa mtu pumu isiyoondoka, mwili ukawa haukivumilii tena kitu hicho hata kwa kiasi kidogo. Barakoa ya kitambaa haiuzuii hata kidogo, na ile ya vumbi haikutengenezwa kwa mvuke. Anayepuliza rangi ya aina hiyo anahitaji hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje, na watu wengine wote wawe mbali. Asiye na kifaa hicho atumie brashi na rola mahali penye upepo, avae glavu na barakoa ya vichungi vya mvuke, au achague rangi ya kopo moja ya boti, ambayo haidumu sana lakini kwa kawaida haina isosianati. Nawaomba wenye boti wote wamkatalie hivyohivyo kila kijana atakayekuja na kompresa na kitambaa, hata akikasirika, hata akipunguza bei.

“Sasa na nta ya baba niitupe?” mwenye boti aliuliza kazi ilipokwisha.

“Ya nini kuitupa? Paka skrubu za mashine, paka bolti za kitoroli, paka msumeno wangu pia ukipenda. Mahali popote usipotaka kitu kishike. Rangi hii iache ilivyo. Ikichafuka, maji na sabuni, na ukiipaka nta ujue atakayeipaka rangi baada yako ataanza tena kwenye vitambaa.”

Waliiacha boti bandani wiki nzima zaidi ya siku zilizoandikwa kwenye kopo, maana rangi iliyokauka kwa kidole bado haijakomaa kwa maji. Mwenye boti akatumia muda huo kufanya jambo ambalo mzee alimwagiza: chini ya benchi la tezi, mahali pasipopigwa na jua, aliandika kwa wino usiofutika jina la praima, jina la rangi, uwiano wa hadina, mwezi na mwaka, na mstari mmoja kwa yeyote atakayeinunua, kwamba ubavu wa kulia uliwahi kupakwa nta na aujaribu kwa maji kabla ya kugusa msasa.